Mtafute GP kabla hujaugua

Kila Septemba simu yangu haipoi. Mtu yuko Dar au Arusha anafunga mabegi, anauliza kama unga wa sembe unapatikana Leeds huku Uingereza, kama abebe blanketi, kama mwenye nyumba anarudisha amana ukihama. Ni maswali ya maana na huwa nayajibu yote. Ila sikumbuki mtu aliyewahi kuniuliza: nikifika huko, daktari wangu atakuwa nani? Siku hizi nalijibu hata kama halijaulizwa, kwa sababu mimi swali hilo lilinikuta usiku wa manane, nikiwa hoi, na sikuwa na jibu.

Tulifika Uingereza mwaka 2022. Mume wangu alikuwa amepata nafasi ya shahada ya uzamili, mimi na watoto tukaja kama wategemezi wake. Kabla viza haijatoka tulilipa ada ya afya, wakati ule pauni 470 kwa kila mtu kwa kila mwaka. Tangu Februari 2024 imepanda: pauni 776 kwa wanafunzi, wategemezi wao na watoto, na pauni 1,035 kwa watu wazima wengine. Kwa mwalimu wa sekondari kutoka Morogoro fedha hizo ziliuma, na kwa kuwa tulishazilipa tuliona suala la matibabu limekwisha. Ukiumwa utakwenda hospitali, utaonyesha karatasi, utatibiwa, kama tulivyozoea na kadi ya bima nyumbani. Hakuna aliyetuambia kwamba ada ile inakupa haki tu, na haki yenyewe unaanza kuifaidi vizuri siku unapojiandikisha kwa GP.

GP ni daktari wa mtaani kwako ambaye si bingwa wa kiungo kimoja. Amesomea kumtazama mtu kwa ujumla wake, kuanzia kichanga hadi bibi wa miaka tisini, na kliniki yake ndiyo mlango wa karibu huduma zote za NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Presha, kisukari, pumu, uzazi wa mpango, kikohozi kisichoisha, mawazo yanayokunyima usingizi: vyote vinaanzia kwake, na vingi vinaishia hapohapo. Ikibidi umwone bingwa wa moyo au wa mifupa, yeye ndiye anayeandika rufaa. Ukilazwa, barua ya hospitali inatumwa kwake. Nyumbani mwenye uwezo kidogo akiumwa mgongo anamtafuta moja kwa moja bingwa wa mifupa, na asiye na uwezo anaanzia duka la dawa. Mpangilio wa rufaa tunao, kutoka zahanati kwenda kituo cha afya, wilaya, mkoa, kanda hadi Muhimbili, lakini anayeweza kuuruka huuruka. Ndiyo maana wengi wetu tukifika huku tunamwona GP kama mlinzi wa geti, mtu wa kubembelezwa ili akupitishe kwa daktari wa kweli. Nataka niwatoe huko kabisa.

Wiki zetu za kwanza nilikwenda kliniki iliyokuwa jirani na shule ya watoto. Dada wa mapokezi aliniambia nilete bili ya umeme au ya maji yenye jina langu. Tulikuwa tumepanga nyumba ambayo bili zote zilikuwa za mwenye nyumba. Nikamwonyesha pasipoti na kadi ya ukaazi, akasema haitoshi. Nikashukuru, nikaondoka. Nimekulia katika adabu ya kutobishana na mtu aliye nyuma ya dirisha la ofisi, na nilidhani huo ndio utaratibu wa nchi.

Sio utaratibu. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu hadi leo nakutana na watu waliorudishwa kwa sababu hiyohiyo. England mtu yeyote anaweza kujiandikisha kwa GP, bure, bila kuonyesha kitambulisho, uthibitisho wa makazi wala hati ya uhamiaji. Kliniki inaweza kukuomba, lakini kukosa si sababu ya kukukataa. Sababu zinazokubalika ni kama orodha yao kufungwa kwa kujaa, au wewe kuishi nje ya eneo lao, na wakikukataa wanatakiwa wakueleze sababu kwa maandishi ndani ya siku 14. Upo hata mpango wa kadi ndogo za NHS zinazosema hivyo kwa niaba yako, unaionyesha tu mapokezi. Sikuwa najua lolote kati ya hayo.

Baridi ikaingia. Kichwa kilianza kuuma asubuhi, upande wa nyuma, kisha kikawa hakiachi. Nilijiambia ni hali ya hewa, ni heta, ni zamu za usiku nilizokuwa nimeanza kwenye nyumba ya kulea wazee. Nilikuwa nanunua ibuprofeni dukani pamoja na mkate, maana huku inauzwa rafuni kwa bei ya chini kuliko soda. Baadaye nilielezwa kwamba dawa hiyo inaweza kupandisha presha. Usiku mmoja nikaona ukungu machoni, maandishi ya simu yakawa hayasomeki. Mume wangu akapiga 111, namba ya bure ya NHS inayofanya kazi saa ishirini na nne, wakatuambia twende idara ya dharura bila kuchelewa. Teksi, watoto wakaachwa kwa jirani ambaye hatukumjua vizuri, tukakaa kwenye viti vya plastiki hadi alfajiri. Presha yangu, namba ya juu ilikuwa imepita 180.

Walinihudumia vizuri, siwezi kuwalaumu. Walipima damu na moyo, wakatazama macho, wakanipa dawa za kuanzia. Halafu daktari wa zamu akaniambia kwamba kazi yake inaishia hapo, presha ni safari ndefu, GP wangu ataendelea nami, barua atamtumia. Akauliza jina la kliniki. Nikamwambia sina. Akanipa nakala ya barua mkononi akaniambia nisiipoteze, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuituma. Mama yangu mzazi alifariki kwa kiharusi Morogoro akiwa na miaka hamsini na kitu, na presha yake haikuwa inafuatiliwa na mtu yeyote. Alikuwa anapimwa siku akizidiwa. Nilitoka pale nikiwa na hofu ambayo siwezi kuipima, kwa sababu niliona nimevuka bahari na kurudia njia yake.

Aliyenikwamua ni dada mmoja Mkenya tuliyekuwa tunasali naye. Alikuwa mkali: "Wewe huombi msaada pale, unadai kilicho chako." Tukaketi naye, tukaingia tovuti ya NHS kwenye ukurasa wa kutafuta GP, tukaandika postikodi, ikaja orodha ya kliniki kuanzia ya karibu zaidi. Usichukue ya kwanza kwa kuwa ni jirani tu. Inaonyeshwa kama wanapokea wagonjwa wapya, na unaweza kuona wagonjwa wao walisema nini kwenye uchunguzi wa maoni wa kila mwaka, hasa juu ya kupata miadi kwa simu. Tume ya ukaguzi inayoitwa CQC nayo hutoa daraja kwa kila kliniki, kuanzia bora kabisa hadi isiyofaa, na ripoti zake ziko wazi. Mimi nilitazama kitu cha tatu: kama kuna madaktari waliokaa pale miaka mingi. Tovuti za kliniki huorodhesha majina, na ukiuliza majirani watakuambia nani ni wa siku zote na nani wanakuja na kuondoka. Nilichagua kliniki iliyo mbali kidogo, dakika za basi, kwa sababu hiyo tu. Kisheria unaweza hata kuandikishwa nje ya eneo lako kliniki ikikubali, ila hapo hawalazimiki kukufuata nyumbani ukiwa mgonjwa.

Fomu ya kujiandikisha wakati ule iliitwa GMS1, siku hizi kliniki nyingi unajiandikisha mtandaoni. Jaza kwa ukweli magonjwa ya ukoo, dawa unazotumia, na dawa za asili pia. Mwarobaini na mlonge si siri ya kuficha. Baadhi ya mitishamba hugongana na dawa za hospitali. Kama una kadi za chanjo za watoto kutoka kliniki ya nyumbani, njoo nazo, zitawaepusha kuchomwa upya.

Kabla ya kumwona daktari nilipimwa na mhudumu wa afya: urefu, uzito, mkojo, presha. Kisha siku ya miadi. Nilitegemea aniandikie dawa niondoke. Badala yake akaniuliza: "Wewe mwenyewe unafikiri ni nini? Kitu gani kinakutia wasiwasi zaidi?" Nilishangaa, nikamtazama, maana yeye si ndiye daktari? Nyumbani daktari akikuuliza wewe unafikiri una nini, unaweza kuondoka ukatafute mwingine. Baadaye nilikuja kujua kwamba GP wa huku wanafundishwa kuuliza hivyo kwa makusudi. Swali lile lilifungua mlango. Nikamweleza habari za mama, zamu za usiku, ibuprofeni, chumvi ninayoongeza kwenye chakula cha huku kisicho na ladha, na kwamba naogopa kulala. Alisikiliza bila kuandika. Kisha akaandika yote, na tangu siku hiyo sijawahi kulazimika kuanza upya habari ya mama yangu mbele yake.

Dakika ni kumi. Ziko kumi kweli. Sisi watu wa pwani na bara tunasalimia kwanza, tunauliza habari za kazi, tunaanza na kidole kinachouma, na jambo zito tunalitoa tukiwa tumesimama, mkono uko kitasani. Usifanye hivyo. Andika kwenye simu yako mambo mawili, zito liwe la kwanza, ulitaje ukishakaa. Kama ni mambo mengi, omba miadi ya muda mrefu. Kliniki nyingi hutoa ukiomba mapema. Na Kiingereza kikikupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili wakati wa kuweka miadi. Ni haki yako na hulipi. Nimemwona mama akitafsiriwa na binti yake wa miaka kumi na mbili habari za damu ya hedhi. Mtoto asibebeshwe mzigo huo, na mama hawezi kusema yote mbele ya mwanawe.

Matibabu yenyewe hayakunyooka. Daktari hakunibadilishia kitu siku ile. Alinituma nipime presha nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki nzima, vipimo viwili kila mara, siku ya kwanza haihesabiwi, kisha tukatafuta wastani. Akanieleza kwamba kwa watu wenye asili ya Afrika mwongozo wa huku huanza na aina fulani ya dawa, yangu ikawa amlodipini. Baada ya muda miguu ikaanza kuvimba. Daktari wangu alikuwa likizo, nikaonwa na mwingine wa muda, akaniangalia miguu akaanza kuzungumzia moyo na figo na vipimo vipya. Sikulala usiku ule. Daktari wangu aliporudi alifungua faili, akaona vipimo vya moyo na figo vilivyokuwa safi, akaona tarehe dozi ilipoongezwa na tarehe miguu ilipoanza, akaniambia hii ni amlodipini, ni jambo linalojulikana. Akapunguza dozi, akaongeza dawa ya pili. Uvimbe ukaisha. Yule wa muda hakuwa daktari mbaya. Alimwona mtu asiyemjua mwenye miguu iliyovimba, na aliogopa alichopaswa kuogopa. Tofauti ilikuwa kujuana.

Hili limefanyiwa utafiti. Norway walifuatilia mamilioni ya watu, matokeo yakachapishwa na jarida la GP wa Uingereza: waliokaa na GP mmoja zaidi ya miaka 15 walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa, kwa takriban asilimia 25, kuliko waliokaa naye mwaka mmoja, na hata kulazwa na kutafuta huduma za usiku kulipungua. Na kuna mzee mmoja wa Wales ninayemheshimu bila kumwona, Julian Tudor Hart, aliyekuwa GP wa kijiji cha wachimba makaa, Glyncorrwg, kuanzia miaka ya 1960. Alipima presha ya wanakijiji wake bila kusubiri waugue, akawafuatilia mwaka hadi mwaka, na vifo vya mapema vikapungua. Mwaka 1971 aliandika kwamba huduma nzuri za afya huwa chache palepale zinapohitajika zaidi. Nikisoma hayo namfikiria mama.

Kwa hiyo komaa upate daktari yuleyule. Kila mgonjwa England hupangiwa GP wake anayetajwa kwa jina, lakini hilo haliahidi kwamba ndiye utakayemwona. Inabidi uombe. Kwa jambo la kudumu mimi huwaambia mapokezi: "Si la haraka, naweza kusubiri nimwone daktari wangu." Kwa kikohozi au sikio la mtoto namwona yeyote, kwa presha nasubiri. Nao wanajua sasa, hata sauti yangu wanaijua.

Kupiga simu saa mbili asubuhi ni vita, sitawaficha. Laini zinajaa, unahesabiwa foleni, ukifika miadi ya leo imekwisha. Tangu Oktoba 2025 kliniki zinatakiwa kuacha fomu ya mtandaoni wazi saa zote za kazi, kwa hiyo itumie, eleza kwa ufupi na kwa uwazi. Mambo mengine hayahitaji GP kabisa: tangu Januari 2024 mfamasia anaweza kukutibu koo, sikio la mtoto, mkanda wa jeshi, au maambukizi ya mkojo kwa mwanamke wa miaka 16 hadi 64, na kukupa dawa zinazostahili, hata antibaiotiki. Na usivunjike moyo ukiambiwa unywe maji upumzike. Tumezoea kutoka na mfuko wa dawa na karatasi inayosema malaria, taifodi na UTI. Kutoka mikono mitupu hakumaanishi umedharauliwa.

Ila kuna jambo moja ambalo hupaswi kulisubirisha. Ukitoka likizo nyumbani ukapata homa, hata kama ni miezi imepita, usingoje miadi. Piga 111 au nenda hospitali siku hiyohiyo, na neno malaria ulitamke wewe mwenyewe, uwaambie umetoka nchi gani lini. Daktari wa huku anaweza kukaa muda mrefu bila kumwona mgonjwa wa malaria.

Gharama: kumwona GP ni bure, hata kwa mzazi aliyekuja kutembea, ambaye anaweza kuandikishwa kwa muda. Hospitali ni habari nyingine. Mgeni wa viza ya matembezi akilazwa anaweza kuletewa bili kubwa, kwa hiyo mkatieni wazazi bima ya safari kabla hawajapanda ndege. Dawa kwa mtu mzima England zinalipiwa, pauni 9.90 kwa kila aina tangu Mei 2024, wakati Uskoti na Wales ni bure. Mimi kwa dawa mbili kila mwezi ningelipa zaidi ya pauni 230 kwa mwaka. Mfamasia mmoja mwenye huruma ndiye aliyeniambia kuna cheti cha kulipa kabla, pauni 114.50 kwa mwaka mzima hata ukiwa na dawa kumi, na unaweza kulipa kwa mafungu. Miezi niliyolipa moja moja kabla ya hapo haikurudi. Mjamzito na aliyejifungua ndani ya mwaka hulipi, omba cheti kwa mkunga au kwa GP.

Mwaka jana kaka yangu Morogoro aligundulika na presha. Sikumtafutia bingwa. Nilimwomba achague kituo cha afya kimoja na daktari mmoja, ajue siku zake za zamu, na awe na daftari la vipimo analokwenda nalo kila mara. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa Tanzania mwaka 2023, na natamani sana itakapowafikia watu iwaletee na daktari wa kuwajua, maana kadi peke yake haikumbuki mama yako alikufa kwa nini.

Na wale mnaomaliza masomo mkirudi: ombeni kliniki nakala ya rekodi zenu kabla ya kuondoka, majina ya dawa, dozi, majibu ya damu, chanjo za watoto. Hawatozi. Ombeni wiki kadhaa mapema, kwa sababu hawaitoi siku hiyohiyo.